Safari Yetu ya Kipupwe Kwenda Kuiona Theluji



Mwenye kusomesha chuoni hujua maneno mengi kuliko vitu alivyoviona kwa macho yake. Sisi tunaoandika haya tumesomesha watoto hapa Muleba kwa miaka thelathini na ushei, na somo la fikihi huanza kila mwaka pale inapoanza Matni ya Abi Shujaa, nayo huanza na maji. Maji yafaayo kujitwahirishia ni saba: maji ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe. Watoto huyahesabu kwa vidole, kwa sauti moja, hata apitaye barabarani akayajua. Mvua, mtoto wa Muleba hana haja ya kuelezwa. Mto, kisima na chemchemi huchota huko kila siku kabla ya kuja chuoni. Mvua ya mawe ameiona ikichana majani ya migomba ya baba yake. Theluji ndiyo iliyotutia makosani, na makosa hayo ndiyo tutakayoyasimulia, ingawa rafiki zetu wawili wametushauri tusimulie nyumbu na twiga tu, kisha tuishie hapo.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikitokea Bukoba na bandari ya Kemondo. Kwa watu wa Kagera siku ile haihitaji maelezo. Kwa wasomaji wa mbali twasema tu kwamba walikufa watu mamia kwa mamia, na kwamba wiki zile ulikuwa ukitembea kijijini huwezi kupita nyumba kumi usikute matanga. Katika chuo chetu alikuwamo mtoto wa miaka tisa ambaye baba yake, mchuuzi wa ndizi, alipanda meli ile asirudi, wala mwili wake haukutambuliwa. Tukamsalia swala ya maiti asiyekuwapo. Mtoto alisimama safu ya mwisho, amevaa kanzu ya kaka yake iliyoburura chini.

Wajuzi wa swala ile wanajua kwamba katika dua yake tunamwomba Mola amwoshe maiti kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Nasi tulikuwa tumewafasiria watoto dua ile siku chache nyuma, maana mazishi yalikuwa mengi. Basi mtoto yule akaja mbele yetu darasani, akauliza: "Maalim, baba yuko majini tayari. Mvua ya mawe naijua. Theluji ni nini?" Kabla hatujajibu akaongeza: "Wewe umeiona?"

Tulikuwa kijana wa miaka 27, tuna kofia mpya, na watoto arubaini wanatutazama. Miaka sita kabla ya hapo tulipita Moshi pamoja na ami yetu, tukakaa mjini siku mbili, mlima ukiwa umefunikwa na mawingu tangu alfajiri hata magharibi, tukaondoka bila ya kuuona hata ukingo wake. Hayo ndiyo yaliyokuwa kweli. Tuliyoyasema ni haya: "Tumeiona, mwanangu, na tumeishika kwa mikono yetu. Ni kama unga wa muhogo, ila ni wa baridi." Kisha, kwa sauti ile ile na karibu kwa pumzi ile ile, tukamwambia: "Na baba yako, aliyekufa maji ni shahidi." Mtoto akaitika, akarudi kwenye jamvi.

Uongo ule haukufa. Mwaka uliofuata watoto wakubwa waliwaambia wadogo kabla yetu: theluji ni unga wa muhogo wa baridi, Maalim ameishika. Tukauacha. Miaka ikaenda, ukawa sehemu ya somo, tukawa hata sisi wenyewe twausema bila ya kusita, na pengine (Mola atusamehe) tukiongeza jinsi vidole vilivyotuuma.

Mwaka jana uliopita wa Hijria, baada ya Idi ya kuchinja, yule mtoto alitujia nyumbani. Sasa ni mtu wa miaka 38, fundi wa magari mjini Bukoba, baba wa watoto wanne. Akaketi chini kama azoeavyo, akakataa kiti. Akasema, "Kasinge waitu. Maalim, nimeweka akiba miaka mitano. Nataka nikupeleke tena kwenye ule mlima, unionyeshe kwa kidole ile theluji uliyoishika." Gari analo, Land Cruiser kuukuu aliyoifufua kwa mikono yake. Tukataja umri, tukataja baridi, tukataja chuo. Kila tulilotaja alikuwa na jawabu lake. Mke wetu akawa amekwisha kuuliza sweta ngapi zafaa.

Tulikuwa na nafasi ya kusema kweli palepale sebuleni. Hatukuitumia.

Basi tuliondoka watu wanne katika Muharram ya mwaka 1447, yaani Julai 2025, wakati wa kipupwe, ambao kwetu Wahaya ni ekyanda, mvua zimekatika na asubuhi zina baridi. Wa tatu alikuwa Bwana Muadhini wa msikiti wetu, mtu wa miaka sitini na mitatu mwenye sauti ya kijana, na wa nne Bwana mwenye duka la nguo, ambaye alishinda wiki nzima akisema kwamba aliyelala Kamachumu wakati wa ekyanda hana baridi ya kuogopa duniani. Alibeba kikapu cha ndizi mbivu na kifurushi cha kahawa ya kutafuna. Maneno yake juu ya Kamachumu tulimkumbusha baadaye mara nyingi.

Tulishuka kwa Kyamyorwa, tukapita kando ya misitu ya Hifadhi ya Burigi-Chato, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, tukapita Geita na Sengerema, na alasiri tukafika Busisi. Zamani hapo ulisubiri kivuko, ukanunua mahindi ya kuchoma, ukasubiri tena. Sasa kuna daraja la yapata kilomita 3 juu ya ziwa, lililofunguliwa Juni 2025, na tulilivuka kwa muda usiozidi wa kumaliza Yasini ukiisoma nusu. Kijana wetu hakusema neno tangu mwanzo wa daraja hata mwisho wake. Alikaza macho mbele, na maji yalikuwa kulia na kushoto.

Asubuhi yake, tukitoka Mwanza kwa njia ya Musoma, alisimamisha gari Igoma, kwenye makaburi walikozikwa wengi wa maiti wa MV Bukoba. Yeye hajui kama baba yake yumo. Hutoa salamu kwa wote. Tulisimama pamoja naye, tukasoma tulichosoma, na katika dua tukafika mahali pa maji na theluji na mvua ya mawe. Hapo tuliona aibu ambayo hatukuwa tumeijua kwa miaka ishirini na tisa, kwa sababu yeye alitugeukia kidogo akatabasamu, kama watu wawili wenye siri moja.

Tukaingia Serengeti kwa lango la Ndabaka. Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya hifadhi ile, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 14,763, iliyotangazwa mwaka 1951, nasi hatutayarudia. Nyumbu tuliwaona, maelfu, wakivuka njia mbele ya gari kana kwamba sisi ndio tuliokosea kupita hapo. Bwana wa duka alianza kuwahesabu, akaacha. Usiku tulilala Seronera katika nyumba za wageni za bei nafuu, na Bwana Muadhini alipotaka kutoka kuadhini alfajiri alizuiwa mlangoni na mlinzi kwa adabu, kwa kuwa fisi walikuwa wangali uani. Akaadhini ndani, kwa sauti ya chini. Alisema tangu aanze kazi hiyo hajapata kuadhini kwa kunong'ona.

Siku ya tatu tukatoka kwa lango la Naabi, tukapanda Ngorongoro. Hapo ndipo Kamachumu iliposahauliwa. Ukingo wa kreta uko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe hufunikwa na ukungu mzito unaolowesha nguo kama mvua. Tulisali adhuhuri na alasiri pamoja kwa kupunguza, kando ya njia, na Bwana wa duka alisujudu amevaa blanketi. Wamasai wawili wachungaji walisimama wakitutazama, na mmoja wao akatutolea salamu ya Kiislamu, akasema ana mjomba aliyesilimu Karatu. Ukungu ulipopasuka kidogo tuliona chini kabisa shimo lile kubwa, na madoa meusi ndani yake. Tuliambiwa ni nyati.

Jioni ya siku ya nne tulifika Marangu. Mlima haukuonekana. Mawingu yalikuwa yameshuka hata kwenye migomba, nasi tuliiona migomba ile tukajihisi tuko nyumbani, maana Wachaga nao huishi kama sisi, nyumba ndani ya shamba la ndizi na kahawa chini ya kivuli chake. Mzee tuliyefikia kwake alipopewa kahawa yetu ya kutafuna aliitia kinywani kwa heshima, akaitafuna kwa muda, kisha akauliza inapikwaje.

Mzee huyo alitusimulia mengi juu ya mlima wake. Mmisionari Rebmann alipouona weupe wa kilele mwaka 1848 alimwuliza mwongozaji wake ni kitu gani kile, na yule akamjibu kwa neno moja tu, ni baridi. Wataalamu wa Ulaya waliposoma habari ile walibisha miaka mingi, wakasema theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Husimuliwa pia kwamba zamani watu waliotumwa juu na mtawala wao kuleta fedha ile ing'aayo walishuka na maji matupu. Tulisikiliza hayo tukiwa tumeinamisha kichwa. Mwongozaji yule hakuwa amesoma chuo chochote, naye alisema alichokijua, hakuzidisha.

Siku ya tano tukaingia Hifadhi ya Kilimanjaro kwa lango la Marangu. Hairuhusiwi kupanda bila ya mwongozaji, nasi tulipewa wawili, pamoja na wapagazi wa kutubebea chakula. Mwongozaji mkubwa alikuwa mtu wa makamo, Mkristo, mpole sana, aliyejua saa zetu za swala kwa kuwa amepandisha Waislamu wengi. Neno lake la kwanza na la mwisho lilikuwa "polepole". Siku hiyo tulitembea msituni chini ya mbega weusi na weupe, tukalala kibanda cha Mandara, mita 2,700 hivi. Siku ya sita miti ikaisha, pakawa na majani na vichaka vifupi, halafu ile mimea ya ajabu yenye shina nene na kichwa kama kabichi kubwa, hata alasiri tukafika Horombo, mita 3,720.

Na hapo mawingu yakabaki chini yetu. Kibo ikawa wazi.

Twaomba radhi, hatuwezi kuieleza vizuri. Ilikuwa kubwa kuliko tulivyodhani, na nyeupe kidogo kuliko tulivyodhani. Mwongozaji alituambia kwamba alipoanza kazi barafu ilikuwa imeteremka zaidi. Wataalamu walipima: mwaka 1912 barafu ya mlima ule ilikuwa yapata kilomita za mraba 12, na mwaka 2011 haikufika hata 2. Taarifa ya UNESCO ya mwaka 2022 ilisema kwamba barafu za Afrika, ya Kilimanjaro ikiwamo, zatazamiwa kwisha ifikapo mwaka 2050. Tukahesabu umri wa wanafunzi wetu wa sasa. Walio na miaka tisa leo watakuwa wa makamo, wakiwasomesha watoto wao maji saba.

Kijana alisimama kando yetu muda mrefu. Kisha akasema, "Nionyeshe, Maalim. Uliishika upande gani?"

Tulisema tumechoka, tutazungumza kesho. Nayo kweli tulichoka. Usiku ule kichwa kilitupasuka kana kwamba kimefungwa kamba, tukatapika mara tatu, na tulipoinuka kwa swala ya alfajiri kibanda kilizunguka. Nje maji ya kwenye beseni yalikuwa yameganda juu, unene wa kioo. Bwana Muadhini alitaka fatwa ya tayammamu, tukamjibu tukiwa tumeshika ukuta kwamba maadamu jiko la wapishi linawaka, maji yatapashwa moto na tayammamu haipo. Hiyo ndiyo fatwa pekee tuliyoitoa mlimani, na tunadhani ilikuwa sahihi.

Mwongozaji akaja na taa, akatutazama macho, akatuambia tutembee juu ya mstari mmoja. Hatukuweza. Akasema ni ugonjwa wa mlimani: juu hewa ni nyepesi, na pale Horombo pumzi moja ina kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani, wengine huwashika, wengine huwaacha, wala si kwa umri wala kwa nguvu. Dawa yake ni kushuka, na kushuka ni sasa. Kijana akawa amepiga magoti akitufunga viatu, maana vidole vyetu havikutii. Akauliza kwa wema mtupu, bila ya hila yoyote: "Maalim, hata ile mara ya kwanza mlima ulikuumiza hivi?"

Hapo ulimi ukafunguka. Pengine ni ugonjwa uliotulegeza, hatujisifu. Tulimwambia: "Mwanangu, hapakuwa na mara ya kwanza. Hatukupata kuiona theluji. Tulipita Moshi mlima umefunikwa, tukakudanganya."

Hakuacha kufunga kamba. Alimaliza kiatu cha kushoto, akafunga na cha kulia. Kisha akasema, bado ameinama: "Na unga wa muhogo?"

"Tuliutunga sisi."

Akanyamaza. Bwana Muadhini na Bwana wa duka walikuwa mlangoni, hawakujua watazame wapi. Halafu kijana akainua uso, na msomaji, uso ule haukuwa wa mtu wa miaka 38. Akauliza: "Na lile la baba? Kwamba aliyekufa maji ni shahidi? Lile lilitoka kitabuni, au nalo lilitoka kwenye unga wa muhogo?"

Tumekaa mbele ya masheikh wakubwa tukitahiniwa, hatujapata kuulizwa swali zito kama hilo. Tulimjibu kwamba lile ni hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, nayo ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, na kwamba aliyekufa maji ametajwa humo kwa jina la hali yake pamoja na aliyekufa kwa tauni, kwa maradhi ya tumbo, chini ya kilichobomoka, na katika njia ya Mwenyezi Mungu. Tukataka kuapa. Akatuzuia kwa mkono. "Usiape, Maalim," akasema. Akasimama, akatoka nje kwa mwongozaji, akaelekea juu.

Sisi tukashushwa. Mwongozaji mdogo alitushika mkono, na Bwana Muadhini alikataa kuendelea, akasema hakuja mlimani, amekuja na watu. Bwana wa duka alibaki Horombo kumngojea kijana. Kadiri tulivyoshuka kichwa kilifunguka, na tulipofika Mandara tuliomba chai na mkate, jambo lililomchekesha mwongozaji. Lakini siku mbili tulizokaa pale zilikuwa nzito. Bwana Muadhini hakutulaumu, alizungumza juu ya mbega na bei ya kahawa. Mara moja tu, baada ya isha, alisema: "Mimi nawe tumejuana miaka arubaini, na wanangu wote wanajua ule unga wa muhogo." Akajifunika blanketi akalala.

Tuliwaza jambo hili: mtoto aliuliza swali moja kwa mtu mmoja, akapewa majibu mawili, la kweli na la uongo, yakiwa yamevaa kanzu moja. Kwa miaka ishirini na tisa hakuwa na njia ya kuyatenganisha. Hadithi ile ndiyo iliyomlaza usingizi utotoni, mwenyewe ametwambia. Nasi tuliiweka sahani moja na uzushi wetu ili watoto arubaini wasituone hatujui kitu.

Siku ya tisa, kabla ya adhuhuri, walishuka. Bwana wa duka alitangulia, akipiga kelele tangu mbali kwamba kijana amefika juu kabisa, Kilele cha Uhuru, mita 5,895, palipowashwa mwenge usiku wa uhuru wa Tanganyika mwaka 1961. Kijana alikuja nyuma, midomo imepasuka kwa baridi, uso umeungua kwa jua, mambo mawili ambayo hatukujua yaweza kumpata mtu kwa siku moja. Alitusalimu kwa mkono, akauliza hali yetu. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa chupa ya chai, ile ya chuma tuliyotoka nayo Muleba, akaiweka juu ya meza.

"Niliishindilia kwa kijiko asubuhi ya jana," akasema. "Usiku nikaiweka nje. Nyingi imeyeyuka. Harakisha, Maalim."

Tukafungua. Ndani mlikuwa na maji, na juu ya maji kidonge kama yai la kuku. Akatumiminia kiganjani. Ndugu wasomaji, si kama unga wa muhogo, hata kidogo. Ni punje punje, kama chumvi ya mawe iliyoshikamana, ina uwazi ndani yake, na hailowi mkono kwanza, bali huuchoma. Baadaye ndipo huulowesha. Tuliipitisha kwa Bwana Muadhini, naye akaipitisha kwa Bwana wa duka, na ilipomrudia kijana ilikuwa ndogo kama kunde. Akaitazama hata ikaisha.

Maji yaliyobaki yalikuwa yapata kibaba kimoja, nacho ndicho kipimo tulichopokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadhia. Kijana akasema, "Tawadha." Tukamwambia atawadhe yeye, ndiye aliyeyafuata. Akakataa. Akatumiminia mwenyewe, polepole, kila kiungo mara moja, na maji yalituuma hata mifupani. Yalipofika mguu wa kushoto yalibaki matone, akayakung'uta yote, yakatosha kwa shida. Tulisali adhuhuri hapo kwenye majani, Bwana Muadhini akiwa ameadhini kwa sauti yake kamili, na mbega wakanyamaza msituni.

Njia ya kurudi hatutaieleza. Kijana hakuwa na hasira, wala hakuwa kama alivyokuwa zamani. Alikuwa akizungumza nasi kama mtu azungumzavyo na mtu. Katikati ya daraja la Busisi, maji kulia na kushoto, alisema bila ya kugeuka: "Nitakuja chuoni siku moja nisome hadithi ile mwenyewe, kwenye kitabu." Tukasema kitabu kipo.

Jumamosi iliyofuata tulisimama mbele ya watoto. Walikuwa zaidi ya sitini, na nyuma walikaa wazazi wachache waliokuja kusikia habari za safari. Tukawasimulia kama tulivyowasimulieni ninyi, unga wa muhogo na yote. Wakubwa wakatazamana. Mzazi mmoja akakohoa. Kisha, kwa kuwa hatukujua la kufanya, tukawaambia wayahesabu maji saba, nao wakayahesabu: ya mvua, ya bahari, ya mto.

Binti mmoja wa mstari wa mbele akainua mkono. "Maalim," akauliza, "na bahari umeiona?"

Tukamjibu: "Bado, mwanangu. Bahari hatujaiona."

Akaandika.